Mikono ya Wazazi Isiguse

Janelle Vander Ploeg aliyawekea maonyesho ya sayansi kanuni moja tu. Aliipigia mistari mitatu kwa kalamu nyekundu, akaituma kwa familia zote kumi na tisa: MIKONO YA WAZAZI ISIGUSE KAZI YA MTOTO. Familia zenyewe zilikuwa za ushirika wa akina mama wanaosomesha watoto wao nyumbani. Kila Alhamisi walikutana katika ukumbi ulio chini ya kanisa, watoto wakaimba kwaya na mama zao wakanywa kahawa huku wakililia somo la sehemu na desimali. Wazo la maonyesho lilikuwa la Janelle, na katika kikundi kile anayetoa wazo ndiye anayebebeshwa.

Alianza na fomu, na fomu ikamshinda siku ya kwanza. Aliuliza jina la mtoto, jambo analochunguza, na darasa lake. Hapo kwenye darasa ndipo mambo yalipoharibika. Mama mmoja alijibu, "Inategemea siku." Mwingine akaandika, "Tuliacha kuhesabu." Kristi Roelofs, rafiki yake wa kufa na kuzikana, mwenye watoto saba na usingizi wa kuibia, aliandika kuhusu mwanawe wa sita: "Ezra yuko la sita kwa hesabu, la pili kwa kuandika, chekechea kwa kufunga viatu."

"Sasa nawapangaje?" Janelle alimuuliza Kristi kwenye simu. "Nina watoto arobaini na mmoja na hakuna hata mmoja mwenye darasa!"

"Shoga, wapange kwa urefu, kama mahindi."

Kristi alikuwa anatania, lakini Janelle aliwapanga kwa urefu. Hakukuwa na njia nyingine.

Usidhani alijitwisha mzigo huu kwa kupenda sayansi. Kulikuwa na jambo lililomkaa rohoni, nalo lilikuwa na jina: Berdine, mama mkwe wake. Berdine alikuwa amefundisha sayansi miaka thelathini na minne katika shule ya mjini. Nusu ya wakulima wa pale walimpasua chura wao wa kwanza mbele ya macho yake, na hadi leo wakikutana naye dukani wananyoosha mgongo. Kwake yeye, kumfundishia mtoto kwenye meza ya kulia chakula ilikuwa sawa na kumng'oa jino mwenyewe: inawezekana, lakini kwa nini?

"Binti yenu Tirzah ana miaka kumi na miwili," alisema Berdine sikukuu ya Krismasi, huku akimpakulia Janelle viazi ambavyo Janelle hakuviomba. "Anajua kukamua mbuzi. Anajua majina ya wafalme waliokufa kabla hata jimbo letu la Iowa halijaitwa Iowa. Lakini ripoti ya maabara hajawahi kuandika hata moja. Sisemi kitu. Nauliza tu, atakuwa nani?"

Janelle alitafuna viazi vyake kimya kimya kwa sababu watoto walikuwa mezani. Mumewe Darin, ambaye kazi yake ni kuuza matrekta na kwa hiyo hapendi ugomvi na mteja yeyote, alisubiri hadi Januari ndipo akaja na pendekezo.

"Tufanye hivi," akasema asubuhi moja. "Mama awe jaji wa maonyesho yako. Akisema Tirzah yuko sawa, mada hii tunaizika, hutaisikia tena hata Krismasi. Akisema yuko nyuma, Agosti anapanda basi la njano la shule kama watoto wengine. Si haki hiyo?"

"Haki tupu," alijibu Janelle, kiburi kikiwa kimetangulia akili. Alipokuja kuifikiria vizuri, kahawa ilikuwa imekwisha na Darin alikuwa ameshaondoka.

Na hata bila Darin, angempata wapi jaji mwingine? Jaji hatakiwi kuwa mzazi wa mshiriki, na kila mtu mzima katika ushirika ule alikuwa mzazi wa washiriki watatu na mjamzito wa wa nne. Berdine mwenyewe hakuona tatizo la kumhukumu mjukuu wake. "Wajukuu nawakaza zaidi," alisema, na waliomjua walimwamini.

Basi Janelle akaanza kukosa usingizi. Mtoto yuleyule ambaye yeye Janelle alimfundisha kusoma akiwa amempakata, ambaye alimjulia kila swali kabla hajaliuliza, ndiye ambaye angenyang'anywa. Aliipenda ile meza yenye makombo na madaftari. Aliyapenda maisha yao vile yalivyo, na wazo la nyumba yenye kimya saa nne asubuhi lilimtia hofu ambayo hakumwambia mtu, hata Kristi.

Laiti angejua hata Tirzah anachunguza nini! Kila alipouliza, jibu lilikuwa lilelile.

"Siwezi kukuambia, Mama. Ukijua, matokeo yataharibika."

"Nitajie neno moja tu. Mmea? Mnyama?"

"Mama. Kanuni ni yako."

Ilikuwa kanuni yake kweli, na ilikuwa inamchoma. Wiki zikapita. Dirishani hakukuota maharage. Kwenye friji hakukuwa na bakuli linalonuka. Janelle alipochungulia chini ya kitanda cha binti yake, kwa nia ya kufagia tu, alikuta saa ya kupimia mbio na daftari lililojaa herufi na namba: A, sekunde 95, B, sekunde 140. Alilirudisha daftari haraka. Kesho yake alinunua pakiti ya kutengenezea fuwele, ile ambayo haimshindi mtu, akaiacha mezani kama aliyeisahau. Tirzah alitoa vitu vyote, akalitumia boksi kuwekea penseli.

Jumamosi ya maonyesho iliangukia Machi, tope likiwa limefika hadi kwenye ngazi za kanisa. Kufikia saa tatu ukumbi ulinuka kahawa, buti na ndizi zilizoachwa zioze kwa makusudi ya kisayansi. Kila familia ilileta sufuria yake ya chakula na mbao zake za kadibodi zenye mikunjo mitatu. Janelle alizungukazunguka akisimamisha meza, akizima volkeno za udongo zilizoanza kutema siki kabla ya wakati, akihesabu watoto kisha akihesabu upya. Mwanawe mdogo Asa, wa miaka sita, alikuwa na volkeno pia. Ilikuwa nzuri sana, kwa sababu Janelle aliifinyanga usiku wa Alhamisi baada ya Asa kulala. Alijiambia kwamba alikuwa anaikarabati.

Na hakuwa peke yake. Ukiziangalia zile mbao, ungeshangaa vipaji vilivyomo katika kaunti ile. Mtoto wa miaka saba alikuwa amekata herufi kwa mashine. Wa miaka mitano alikuwa na chati ya rangi nne na neno "fotosinthesisi". Kila mama alizipitia mbao za wenzake, akatikisa kichwa, akanong'ona, "Wengine hawana aibu, wamewafanyia watoto wao." Nyani haoni kundule, na siku ile ukumbi ulijaa nyani.

Tirzah alisimama kwenye meza ya mwisho, maana alikuwa mrefu kuliko watoto wote. Ubao wake alikuwa ameufunika kwa pazia kuukuu la bafuni. Janelle alipita mara ya nne, akaona pazia limekaa upande, akanyoosha mkono.

"Mama," alisema Tirzah bila kuinua macho.

Janelle akaurudisha mkono mfukoni.

Berdine aliingia saa nne kamili, miwani kifuani kwa mnyororo, mfukoni akiwa na peremende anazogawa kanisani mahubiri yakizidi nusu saa. Alianza na wafupi. Hakuuliza maswali ya kubembeleza. Mbele ya ubao wa Ezra Roelofs uliopambwa kwa herufi za dhahabu, aliinama hadi macho yao yakawa sawa.

"Nani alikata herufi hizi?"

"Mama," alisema Ezra. Watoto wa ushirika ule walikuwa wamezoea kuongea na watu wazima tangu wakiwa kwenye vikapu, hivyo hawakujua kuogopa. "Mimi nilikata moja, akaitupa."

Upande wa pili wa ukumbi, Kristi aligeuka kuangalia dari.

"Na sumaku ni nini?"

"Sumaku najua!" Na kweli aliijua, akaeleza kwa dakika sita, akamaliza kwa kumuuliza Berdine kama meno yake ni ya chuma. Berdine akaandika kitu, akampa peremende, akasonga mbele. Kila alipofika aliuliza swali lilelile. "Mama." "Mama." "Baba, lakini Mama alimfokea akarudia yeye." Alipofika kwa Asa, Janelle alijificha nyuma ya birika kubwa la kahawa.

"Volkeno hii umeifanya mwenyewe, mjukuu wangu?"

"Nilikuwa nimelala," alisema Asa kwa uaminifu.

Akina mama walianza kusogeleana. Mwenye kanuni mwenyewe kavunja kanuni! Janelle alisikia masikio yakimwaka moto. Na bado meza ya mwisho.

Tirzah alilitoa pazia. Herufi zake zilikuwa zimekatwa kwa mkasi butu, zimepanda na kushuka, na gundi ilikuwa imechuruzika. Zilisema: MAMA ANAVUMILIA KWA MUDA GANI?

"Eleza," alisema Berdine, akivaa miwani.

"Nilitaka kujua mama anaweza kumtazama mtoto wake akikosea kwa muda gani kabla hajamnyang'anya kazi," alisema Tirzah. "Kila Alhamisi nilichukua watoto watatu, nikampa kila mmoja kwa zamu kadibodi na mkasi, nikamwambia akate duara. Mama yake amekaa karibu na kahawa yake. Nilibonyeza saa mtoto alipoanza, nikaisimamisha mama alipochukua mkasi. Akina mama kumi na wanne. Majina nimeyaficha, nimetumia herufi."

Akina mama kumi na wanne walianza kukumbuka, mmoja baada ya mwingine, Alhamisi fulani, duara fulani.

"Wastani?" aliuliza Berdine.

"Dakika mbili na sekunde kumi. Aliyevumilia kidogo kuliko wote ni mama F. Sekunde thelathini na nane."

Hakuna aliyeuliza mama F ni nani, kwa sababu Asa alisema kwa sauti, "Hiyo ni siku yangu! Nilikuwa nimekata mstari mmoja tu!"

Kicheko kikapasuka. Kristi alicheka hadi akashika ukuta. Janelle hakucheka. Alitamani sakafu ifunguke, na kwa kuwa tayari walikuwa chini ya kanisa, hapakuwa na pengine pa kwenda. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Kanuni aliiandika yeye, na mtu wa kwanza kuchomwa nayo akawa yeye, mbele ya mama mkwe, mbele ya Darin, ambaye alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya keki akiuma mdomo asicheke.

Berdine peke yake alibaki na uso wake wa darasani.

"Pengine akina mama hawa hawawezi tu kuona kazi mbaya," alisema. "Utajuaje kwamba ni kwa sababu ya mtoto wao?"

"Nilirudia, Bibi. Mama walewale, lakini mtoto wa mtu mwingine. Ona hapa. Kwa mtoto wa mwenzake, mama kumi na mmoja hawakuchukua mkasi kabisa. Walisema, 'Unafanya vizuri, endelea tu.' Mama F alimwambia Ezra duara lake lina umbo la kipekee."

"Na huyu mama M? Kwenye namba zake umeweka mstari."

"Alivumilia dakika kumi na tisa. Nikafurahi, nikadhani nimethibitisha dhana yangu, kwamba mwenye watoto wengi huvumilia zaidi. Kumbe alikuwa amelala. Nimemtoa kwenye hesabu, na nimeandika sababu."

"Nilikuwa nimepumzisha macho!" Kristi alipaza sauti.

"Kwa hiyo dhana yako?" Berdine alimuuliza Tirzah.

"Ilikuwa ya uongo. Idadi ya watoto haibadilishi kitu. Kinachobadilisha ni kama mama ana kichanga mkononi, maana hana mkono wa kushikia mkasi."

Berdine alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Aliusoma ubao kwa muda mrefu, kisha akauliza taratibu, "Nani alikufundisha kurudia jaribio na kundi la kulinganisha?"

"Mama. Tulipojaribu hamira mbili za mkate."

"Na nani alikuambia uandike kwamba dhana yako ilikuwa ya uongo? Watoto niliowafundisha miaka thelathini na minne walikuwa wanaficha."

"Mama anasema ukificha jibu usilolipenda, wewe si mwanasayansi, ni muuza matrekta."

Safari hii Darin ndiye aliyepaliwa na keki.

Zawadi ziligawanywa mchana. Tirzah alipata nafasi ya pili, kwa sababu Berdine alisema akina mama kumi na wanne ni wachache na jaribio liongezwe. Ya kwanza ilikwenda kwa Ezra wa sumaku, ambaye hakujua kuwa yuko kwenye mashindano. Janelle alikimbilia jikoni kwa kisingizio cha vyombo. Alikuwa na mikono ndani ya povu Berdine alipoingia, Darin nyuma yake, mlango ukafungwa.

"Haya, Mama," alisema Darin. "Sema."

Berdine alichukua kitambaa, akaanza kukausha sahani ambayo tayari ilikuwa kavu.

"Nilikuja na hotuba yangu tayari," alisema. "Nimeifanyia mazoezi njia nzima. Sasa haifai." Akaiweka sahani. "Huyo mtoto ameuliza swali la kweli, amelipima kwa haki, na amesimama mbele ya watu akasema kwamba alikosea. Mimi singeweza kumfundisha vizuri zaidi, na sisemi hivyo kwa raha. Mwacheni hapohapo alipo, Janelle. Sekunde thelathini na nane ni aibu kubwa, lakini kazi yako ni nzuri."

Miaka saba Janelle alikuwa amelisubiri neno lile, na lilipokuja lilimkuta na sufuria ya viazi mkononi. Ameshinda. Meza ni yake, makombo ni yake, mtoto ni wake! Alimkumbatia mama mkwe wake na povu lote, na Berdine, ambaye si mtu wa kukumbatiwa, alisimama wima akavumilia.

Mlango ukafunguka. Tirzah alikuwa na ubao wake umekunjwa kwapani.

"Bibi, kuna sehemu moja hukuisoma. Ya chini kabisa. Watu walikuwa wanacheka, nikashindwa kukuonyesha."

Aliukunjua juu ya meza ya jikoni. Chini, kwa maandishi madogo, palikuwa na kichwa: UTAFITI UNAOFUATA. Janelle alikausha mikono, akainama, akasoma kwa sauti. "Swali: Je, walimu nao hunyang'anya mkasi? Walimu wana watoto ishirini na nne ambao si wao. Ili kulijibu, mtafiti atahitaji kuwa ndani ya darasa kila siku, kuanzia Agosti."

Bomba lilikuwa bado linamwaga maji, Darin akalifunga.

"La hasha," alisema Berdine. Kila mtu akamgeukia. "Kwa nini aende? Nimetoka kusema sasa hivi! Akifika kule watampa karatasi ya kujaza nafasi, ataijaza kwa dakika mbili, dakika arobaini atatazama dirisha. Nawajua, nimefanya nao kazi. Utafiti huo unaweza kufanywa kwa barua."

"Mama," alisema Darin, "Krismasi ulisema..."

"Krismasi nilikuwa sijaona ubao!"

Janelle hakuwasikiliza. Alikuwa anamtazama binti yake, ambaye alikuwa anautazama ubao, akikwangua tone la gundi kwa kucha. Alimjua mtoto huyu. Alilijua jibu kabla ya kuliuliza swali, na kwa mara ya kwanza hakutaka kuliuliza. Angeweza kunyamaza tu. Jaji alikuwa upande wake, mumewe alikuwa ametoa ahadi, na mada ilikuwa inasubiri kuzikwa.

"Tirzah," alisema. "Nijibu kama unavyoandika kwenye daftari lako. Unataka utafiti, au unataka shule?"

Tirzah aliendelea kukwangua gundi.

"Nataka shule," alisema. "Utafiti niliuweka ili usilie."

Janelle akalia palepale, wazi, bila kujificha, machozi yakishuka hadi kidevuni. Berdine alitafuta mfukoni, akapata peremende tu, akampa.

"Basi haendi," alisema Berdine kwa haraka. "Umeona, mtoto? Umemliza mama yako. Haendi."

"Anaenda," alisema Janelle, peremende ikiwa shavuni. "Nitalia hadi Agosti, na Agosti nitalia zaidi, lakini anaenda."